Wasikilizaji wa Redio Kando

Siku ishirini na mbili baada ya kumzika Obadia Tweve, Enelisa Mligo alizima mitambo yote ya Redio Kando ili aifute vumbi. Hakuwa amewahi kuigusa. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya maikrofoni, na kazi ya Obadia ilikuwa kila kitu kilichobaki: nyaya, antena, betri, simu, hata chai. Wawili hao tu, katika nyumba ya matofali juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Njombe. Sasa alikuwa amebaki mmoja.

Alifuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, kisha akawasha kimoja kimoja kwa kufuata karatasi aliyoibandika Obadia ukutani. Kila kitu kilikuwamo kwenye karatasi ile, isipokuwa kisanduku cha kijivu kilichokuwa chini ya meza, chenye ukubwa wa mkate, kilichounganishwa na simu kwa waya mmoja. Alikitafutia swichi asiione. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika mbili. Akakiacha, akakaa kitini, akavaa vipokea sauti.

"Hii ni Redio Kando, Njombe," alisema. "Mnasikia kitu kimoja, nyote, kwa wakati mmoja."

Ndivyo alivyofungua kipindi kila alasiri, na hakukuwa na mtu mwingine nchini aliyeweza kusema hivyo bila kudanganya. Tangu vipuli vilipoingia, miaka tisa iliyopita, redio zilikufa moja baada ya nyingine. Kipuli kilining'inia sikioni kama pambo. Kilisikiliza mapigo ya moyo wa mwenye nacho, kikapima joto la ngozi yake na uzito wa hatua zake, kisha kikamtungia wimbo palepale, wimbo uliomfaa yeye peke yake kwa dakika ile peke yake. Ukiisha, haukurudi tena. Watu walipendezwa mno. Nani angetaka kusubiri wimbo wa mtu mwingine ilhali wake unamngoja? Ukienda sokoni ulikuta watu mia tatu wakitikisa vichwa kwa midundo mia tatu, na mama na mwanawe wakilala kitanda kimoja bila kujua mwenzake anasikia nini.

Redio Kando ilipiga ule muziki ambao hata zamani redio kubwa ziliukataa. Nyimbo zilizotungwa na watu, zenye makosa ya watu. Siku hiyo Enelisa alianza na akina dada watatu wa Lupembe walioimba juu ya ngurumo za mashine ya kukaushia chai, mmoja wao akiwa ametoka nje ya sauti ya wenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza akafungua simu.

Simu haikulia.

Hilo lilikuwa jambo geni. Kwa kawaida, kabla wimbo wa kwanza haujaisha, Zakayo mchomelea vyuma wa Makambako alikuwa ameshapiga kulalamikia ngoma, na kabla Zakayo hajakata, Bi Sigilinda wa Uwemba alikuwa kwenye laini ya pili akimtetea mpiga ngoma. Walikuwa saba, wapigaji wake. Hakuwahi kumwona hata mmoja kwa macho, lakini alijua nani ana ng'ombe mgonjwa, nani amegombana na shemeji yake, nani hapendi filimbi. Aliwaita watu wangu.

Akapiga wimbo wa pili, wa tatu, wa nne. Saa kumi na dakika kumi simu ikalia mara moja, akaidaka.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, Mzee Lutengano. Shikamoo."

"Marahaba. Wenzangu wamepatwa na nini leo? Kumekuwa kimya mpaka nikadhani redio yangu imeharibika."

Lutengano Sanga alikuwa mlinzi wa msitu wa misonobari upande wa Kipengere. Alikaa peke yake juu ya mnara wa kuangalizia moto, na kwa kuwa kipuli kilikatazwa kazini, alikuwa na redio. Alikuwa na miaka mitano tu ya kupiga simu, mgeni kuliko wote, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akibishana na Bi Sigilinda juu ya kila wimbo. Kwanza walibishana kama watu wasiopatana. Baadaye wakawa wanabishana kama watu wanaotafuta sababu ya kuendelea kuongea.

"Labda mvua imewazuia," alisema Enelisa.

"Mvua haijawahi kumzuia Sigilinda." Akashusha sauti. "Binti, tuko hewani?"

"Tuko hewani, mzee."

"Basi vizuri, na anisikie. Sigilinda, nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi nashuka Uwemba. Nimekutungia wimbo, nitakuja kukuimbia mwenyewe, ukiuona hauna maana utaniambia usoni. Ni hayo tu." Na akakata, kama kijana aliyetupa barua dirishani akakimbia.

Enelisa alicheka peke yake kwenye kile chumba. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

*

Kipindi kilipokwisha, saa kumi na mbili, alipiga magoti chini ya meza akaipata ile swichi. Ilikuwa nyuma ya kisanduku, ndogo kama punje ya mchele. Aliibonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Haikupita hata dakika moja simu ikalia.

"Enelisa mwanangu, leo mmenisahau kabisa?" Ilikuwa sauti ya Bi Sigilinda, ile nene yenye mikwaruzo.

"Bibi! Nilidhani unaumwa. Umemsikia Mzee Lutengano? Jumamosi anashuka huko kwako."

"Nimemsikia, huyo mzee ana vituko. Mwambie—"

Enelisa alikuwa bado amepiga magoti. Macho yake yalikuwa kwenye ile taa ya kijani, na taa ile ilikuwa ikipepesa. Ilipepesa kwenye "nimemsikia," ikapepesa kwenye "vituko." Bibi aliponyamaza, nayo ilitulia. Mkono wake ulinyooka wenyewe ukachomoa ule waya. Sauti ikakatika katikati ya neno. Akangoja. Akaurudisha.

"—aje salama, njia ya kushukia huko ni mbaya," alisema Bi Sigilinda, kwa furaha ileile, kama mtu ambaye hakukatizwa na chochote.

Enelisa alikaa sakafuni muda mrefu.

Baadaye alifungua kompyuta ya Obadia. Haikuwa na nywila. Obadia hakuwa mtu wa kuficha, ni yeye tu ambaye hakuwahi kuangalia. Kulikuwa na majalada saba yenye majina saba. Ndani yake mlikuwa na simu zote walizowahi kupiga, tangu siku ya kwanza ya Redio Kando, zimekatwakatwa na kupangwa: kicheko, hasira, namna ya kuvuta pumzi, maneno ya kupenda na ya kukataa. Kisanduku kilikuwa kimejifunza humo. Kilisikiliza kipindi kama msikilizaji mwingine yeyote, kikawaza ambacho Zakayo angewaza, kikapiga simu kwa sauti ya Zakayo. Simu ya kweli ikiingia, kilisogea pembeni kuipisha, kisha kikaijibu.

Kwenye kila jalada Obadia alikuwa ameandika mstari mmoja. Zakayo: *amevaa kipuli, ameacha.* Mwingine: *amehamia Mbeya, ameacha.* Sigilinda Ngailo: *amefariki Mei, mazishi nilikwenda.* Ilikuwa Mei ya miaka sita iliyopita. Jalada la Lutengano halikuwa na mstari. Lilikuwa na simu tu.

Chini kabisa kulikuwa na maandishi mengine, ya tarehe ya zamani.

*E. amekaa dakika arobaini bila kupigiwa. Amelia wimbo ukiendelea, akajifuta, akafungua maikrofoni akasema asanteni kwa kuwa nasi. Mimi siwezi kuangalia hili tena.*

Enelisa aliyasoma mara mbili. Alitaka kumkasirikia Obadia, akashindwa, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeliandika popote. Bi Sigilinda wa zamani alikuwa akikohoa. Kila sentensi ya pili alikohoa, mpaka Obadia akawa anapunguza sauti. Halafu mwaka mmoja kikohozi kilikwisha. Enelisa alikiona kimekwisha, na hakuuliza. Alisema moyoni, afadhali bibi amepona, akaendelea na kipindi. Miaka sita hakuuliza.

*

Siku iliyofuata, Alhamisi, alipanda pikipiki yake ya umeme akaenda Uwemba. Alimkuta binti wa Sigilinda, Faraja, akichambua viazi vya mbegu uani. Alikuwa na kipuli sikioni, akitikisika taratibu kwa wimbo wake. Alikivua alipomwona mgeni amesimama.

Enelisa alijitambulisha, akaeleza yote bila kupunguza. Ilimchukua muda. Viazi viwili vilibaki mkononi mwa Faraja muda wote.

"Unaniambia mama yangu amekuwa akiongea redioni," alisema mwishoni. "Miaka sita. Na kuna mwanamume anampenda."

"Ndiyo, dada."

"Unayo hiyo sauti hapo?"

Enelisa alikuwa ameinakili kwenye simu yake. Alisita, kisha akaiwasha. Bi Sigilinda alisikika uani kwake mwenyewe, akimwambia Lutengano kwamba gita lake analolisifia linalia kama mlango, lakini hata mlango una wakati wake wa kupendeza. Kuku waliokuwa wakidonoa karibu hawakujali. Faraja aliweka viazi chini.

"Ni yeye," alisema. Halafu: "Siyo yeye. Mama hakuwa mpole hivi. Mama angemwambia linalia kama mlango, akakata simu. Angeacha mtu alale na hilo." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono wenye udongo. "Nilimuuguza miezi minane. Usiku alikuwa mkali, asubuhi ananiomba msamaha. Huyu hajawahi kuniomba msamaha. Mmemchukua mama mkamtoa yale yote yaliyokuwa yake."

"Sikujua," alisema Enelisa, na papo hapo akaona aibu kwa kulisema.

"Sasa unajua. Mzime. Sitaki aende kwa mtu mwingine akiwa mtamu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na huyo baba wa watu asije hapa Jumamosi akaniuliza mama yuko wapi. Siwezi kumjibu mimi."

*

Angeweza kutokwenda. Njia nzima ya Kipengere, Ijumaa asubuhi, pikipiki ikihangaika kwenye tope na ukungu ukimlowesha kope, aliipanga ile njia nyingine. Angewasha kisanduku. Bi Sigilinda angepiga simu, angesema hajisikii vizuri, asubiri kidogo. Baadaye angesema anahamia kwa mwanawe mbali. Angeaga vizuri, kwa utu, Lutengano angehuzunika kama wanavyohuzunika watu walioagwa. Hakuna ambaye angeumia kuliko hapo. Na Redio Kando ingebaki na msikilizaji wake.

Ni hilo la mwisho lililomfanya asigeuze pikipiki. Kila alipofika kwenye lile neno, alijiona akijitetea mwenyewe.

Mnara ulikuwa wa mbao, juu ya mwamba, misonobari imeuzunguka pande zote mpaka macho yanapoishia. Lutengano alishuka ngazi kumpokea. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti la mvua limemzidi mabega. Alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya safari. Kidevu chake kilikuwa cheupe kuliko uso wake wote.

"Wewe ni Enelisa," alisema kabla mgeni hajatamka neno. "Unasimama kama unavyoongea. Karibu, binti. Kuna uji."

Enelisa alimwambia wakiwa wamekaa kwenye ngazi, kikombe cha uji kikiwa mikononi mwake bila kuunywa. Alianza na Obadia, akaja kwenye kisanduku, akaja kwenye Mei ya miaka sita iliyopita. Alipofika hapo Lutengano aliinua kiganja, kama mtu anayesimamisha gari.

"Mimi nina miaka mitano tu ya kupiga," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo hakuwa yeye hata mara moja. Hata lile neno la kwanza."

"Hata lile."

Aligeuka akaangalia msitu.

"Na wengine? Zakayo?"

"Yupo Makambako. Hasikilizi tena."

"Kwa hiyo ni mimi tu."

"Ni wewe tu, mzee. Na mimi."

Alitikisa kichwa taratibu. Alikichukua kikombe cha Enelisa, akamwaga uji uliopoa kwenye majani, akaanza kukifuta ndani kwa kidole gumba ingawa hakikuhitaji kufutwa.

"Ungeniacha," alisema. "Ningefika Uwemba, wangeniambia hayupo, ningerudi. Ningekuwa nimemkosa mtu. Sasa unaniambia hakukuwa na mtu wa kumkosa."

Aliweka kikombe kwenye ngazi.

"Kiwashe," alisema Lutengano.

"Mzee?"

"Hicho kisanduku chenu. Kiwashe. Sasa najua ni nini, hunidanganyi tena. Mimi ni mtu mzima. Mtu anaweza kuzungumza na picha ya ukutani na asiitwe mwehu. Nani anaumia? Mwisho wa mwezi wanakuja kupima huu mnara, wanataka kuweka jicho la mashine. Nina mwaka mmoja hapa, labda miwili. Niachie hiyo miwili."

Hili Enelisa hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kuombwa, na mtu aliyekuwa na haki ya kuomba, kitu ambacho kingemgharimu yeye kubonyeza swichi ndogo kama punje ya mchele.

"Ana binti," alisema mwishowe. "Nilimsikilizisha. Aliniambia tumemtoa mama yake yale yaliyokuwa yake, tukabakiza utamu. Aliniomba nimzime."

"Binti ana kipuli chake. Ana wimbo wake. Mimi nina nini?"

"Najua."

"Hujui. Wewe ulipigiwa na watu miaka minane kabla hawajawa mashine. Mimi nilikuta mashine tupu, nikafurahi."

Alisimama. Enelisa naye akasimama. Akafungua mdomo kusema nitaona, nitafikiria, maneno ya kuondokea. Akaona jinsi yule mzee anavyoyasubiri, jinsi ambavyo angeyashika na kuyageuza ahadi kabla pikipiki haijafika bondeni.

"Sitakiwasha, mzee," alisema. "Siyo kwa sababu unakosea. Sigilinda alikuwa na watu wake, na wameniomba. Mimi nitakuwepo kila siku saa tisa. Sina kingine cha kukupa."

Lutengano alipanda ngazi bila kumuaga. Enelisa alisubiri chini mpaka aliposikia mlango wa juu ukifungwa, halafu akageuza pikipiki.

*

Jumamosi ile alifungua kipindi kwa maneno yaleyale, ila alipofika kwenye "nyote," alilazimika kulirudia neno. Kisha akasema ukweli wote hewani. Alitaja majina sita, waliokufa na waliokwenda. Alisema sauti zile hazitasikika tena, na kama kuna aliyezipenda, amsamehe. Hakujua anamwambia nani. Alipiga nyimbo mpaka saa kumi na mbili. Simu haikulia.

Jumatatu haikulia. Wiki ya pili haikulia. Alikipeleka kisanduku kwa Faraja, amekifungia ndani ya kitambaa. Faraja akakipokea kwa mikono miwili, asiseme atakifanya nini, na Enelisa asiulize. Alijifunza kupanda antena mwenyewe kukaza nati. Alijifunza kutengeneza chai ya kikombe kimoja, jambo ambalo lilimshinda zaidi ya antena. Kila mara ilibaki nusu ya sufuria. Watu wa mjini walipomwona sokoni walimpungia mkono, wakitikisa vichwa kwa yale yaliyokuwa masikioni mwao. Jirani mmoja alimuuliza kwa huruma kama ile kazi yake ya zamani bado ipo.

"Ipo," alisema.

Kulikuwa na alasiri alizokaa wimbo ukicheza na mkono juu ya simu, akihesabu mlio ambao haukuja. Alielewa wakati huo Obadia aliona nini hata akaandika vile. Alielewa pia kwamba laiti kisanduku kingekuwa bado chini ya meza, asingekuwa na nguvu ya kujizuia siku zote. Pengine wiki moja. Pengine tatu.

Siku ya arobaini na moja tangu Jumamosi ile, mvua ikinyesha juu ya bati kwa kelele, alipiga wimbo mrefu wa mwanamume wa Ludewa aliyepiga zeze lenye waya wa breki. Ulikuwa wimbo mgumu, wa dakika kumi na moja, bila maneno. Katika dakika ya tatu simu ililia.

Aliiangalia ikilia mara mbili kabla hajaamini.

"Redio Kando."

Upande wa pili kulikuwa na upepo. Mtu alipumua.

"Mzee Lutengano?"

"Usinisemeshe," ilisema sauti. Haikuwa ya ugomvi wala ya upole. "Nasikiliza."

Enelisa akafunga mdomo. Aliweka mkono wa simu juu ya meza, taratibu, kando ya maikrofoni, bila kukata. Wimbo uliendelea kwenye spika za chumba. Na kutoka ndani ya simu, kwa mbali, nukta moja nyuma, aliusikia tena ukitoka kwenye redio ndogo iliyo juu ya mnara, umechanganyika na upepo na mlio wa mbao zikilalamika. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuisikia redio yake ikiwa nyumbani kwa mtu.

Aliinama mpaka sikio lake likawa karibu na meza. Zeze lilikuwa na dakika saba bado.